Mafuta ya Bibi

Binti yangu tulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukupumzika. Hata saratani ya damu haikumnyamazisha. Walipompachika kifuani mpira mwembamba wa kupitishia dawa hadi kwenye mshipa mkubwa, aliuita mkia. "Wangu umeota mbele," aliwaambia manesi, nao wakacheka.

Nesi mkuu alitufundisha, mimi na mama yangu: nawa mikono kwanza, mpira usilowe, plasta inayoufunika isiguswe. Ikibanduka hata ukingo tu, mleteni siku hiyo hiyo, kwa maana dawa imemmaliza kinga na mdudu akipenya hapo anaingia moja kwa moja kwenye damu. Mama aliitikia kila neno. Alinawa mpaka mikono ikachubuka.

Mafuta hakuna aliyeyataja. Dawa zilimkausha mtoto ngozi ikatoa magamba, na mama yangu hajapata kulea mtoto aliyepauka. Nikiwa kazini akawa anampaka, akiizunguka plasta kwa uangalifu wote wa dunia. Mafuta yakapenya chini, gundi ikaachia. Chiriku aliogopa kubadilishwa plasta kuliko sindano. "Bibi, usimwambie mama." Bibi akaibonyeza ikashika, akanyamaza. Mtoto akililia wembe mpe, wanasema. Aliyesema hivyo sijui alikuwa na mtoto gani.

Siku ya dawa, mara tu zilipopita mpirani, Chiriku akaanza kutetemeka kitanda kizima. Homa ikapanda. Nesi alifunua plasta, akasugua vidole vyake.

"Amepakwa mafuta?"

Mama yangu alikaa chini palepale sakafuni. Nilimchukia. Ndiyo, mama yangu mzazi, nilimchukia.

Mpira ukatolewa. Matibabu ya saratani yakasimamishwa ili wadudu washughulikiwe kwanza, ila saratani yenyewe haikumsubiri mtu. Leo asubuhi daktari aliniita peke yangu. Alisema mwili wa mtoto umechoka, hawatamrudishia dawa zile. Watamtuliza maumivu tu.

Nilirudi wodini. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha mbali, karibu na mlango. Tangu siku ile hajamgusa mjukuu wake.

"Bibi," Chiriku alisema. Sauti ilikuwa imebaki kidogo sana. "Ninawashwa. Nipake."

Mama akanitazama mimi. Kwenye mkoba alikuwa bado na ile chupa ya mafuta. Hakuwa na moyo wa kuitupa wala wa kuifungua. Maneno niliyokuwa nimemwekea yalikuwa mengi, mengine makali kama pilipili. Yote yalinikaukia.

"Nimpake miguu tu?" aliuliza. "Kifuani sisogei, mwanangu. Nakuapia."

"Mpake na kifua, mama."

"Na wakimrudishia mpira?"

"Hawamrudishii."

Mama akainuka, akaenda kwenye sinki, akafungua maji, akaanza kunawa mikono.