Kalisemut Haikuwa Ardhi Tupu

Jina la yale maghorofa yaliyojengwa juu ya mtaa wetu sitaliandika hapa. Nimeliandika miaka minne kwenye blogu yangu, na kumbe muda wote huo nilikuwa nimewabeba mabegani watu walionibomolea nyumba.

Kalisemut ulikuwa mtaa wetu kando ya mto, Java Mashariki, Indonesia. Nakumbuka kila mlango. Nakumbuka tingatinga lilianza kwa Bu Rukmini, kikaango chake kikiwa bado jikoni, na nakumbuka ni afisa gani aliyecheka. Tulio hai tulitawanyika, wengine hadi Kalimantan, wengine kwenye mashamba ya michikichi Malaysia. Wafu wetu wakahamishiwa makaburi ya nje ya mji, bila ndugu kuambiwa.

Mwaka huu, Ruwah ulipokaribia, mwezi ule kabla ya Ramadhani ambao kila mtu huenda kusafisha makaburi ya wazee wake, ofisi ya makaburi ikatoa tangazo: kaburi la Kalisemut lisilojiwa na ndugu kabla ya mfungo litasawazishwa. Tangazo walilibandika wapi? Mlangoni mwao. Mtu aliyeko Samarinda, kule Kalimantan, alisome kwa darubini?

Mtu huyo angeuliza simu yake. Basi nikaandika "Kalisemut" kwenye mtambo wa kutafuta mtandaoni nione angejibiwa nini. Ukurasa wa kwanza, maghorofa: "Yamejengwa juu ya ardhi tupu." Blogu yangu niliikuta ukurasa wa sita, chini ya muuza vifaranga vya kambale.

Bu Rukmini, ambaye siku hizi anakaanga tempe ya soya mbele ya chumba changu cha kupanga, alichungulia simu.

"Mas Gunarso! Kelele zote zile, umeshindwa na kambale?"

"Mtambo umehongwa, Bu."

"Kila kitu kwako kimehongwa. Hebu lete." Akasoma kwa sauti kichwa cha makala yangu: "'Mwito wa Nne kwa Umma Ulioporwa.' Yaa Rabi! Nani duniani anauliza hivyo? Mimi ningeuliza, mume wangu mmemzika wapi."

"Ule ni msimamo wetu, Bu."

"Msimamo haupalilii kaburi. Na haya maandishi ya buluu?"

"Viungo. Ushahidi. Ukigusa, unapelekwa kwenye ukurasa wao uone uongo wenyewe."

"Ala! Kwa hiyo unamtukana mwenye duka, kisha unamshika mteja mkono unampeleka dukani kwake?"

Hakuna aliyenifundisha kompyuta. Nimejisomea mwenyewe, na somo la kwanza kabisa lilikuwa hilo: mtambo huhesabu kila kiungo kama kura. Nililijua. Lakini hasira haisomi. Kila nilipowaumbua niliwapigia kura, na wenzangu wa mitaa mingine iliyobomolewa walinakili makala zangu, kura zikiwa ndani.

Nikaving'oa viungo vyote. Penye ushahidi nikaweka picha ya maneno yao, basi. Nikaandika ukurasa mpya, kichwa chake: "Makaburi ya Kalisemut yamehamishiwa wapi?" Jibu likakaa mstari wa kwanza, likifuatwa na njia ya kufika, kisha majina ya wafu. Hapo Bu Rukmini akanifokea tena. "Sukarto ndiye nani? Huyo ni Mbah Kerto Baiskeli! Hata wajukuu zake hawamjui kwa Sukarto." Tukaandika yote mawili. Picha nikazipunguza uzito zifunguke kwenye simu za bei poa, nikawaomba wenzangu wang'oe viungo vyao vya zamani na waelekeze kwenye ukurasa huu. Tovuti ya msikiti nayo ikaelekeza.

Tukapanda kwenye orodha ya mtambo. Kwanza taratibu, kisha siku moja kambale hakuonekana tena.

Jumapili ya mwisho ya Ruwah nilifika makaburini na jembe nikidhani tutakuwa wachache. Kulikuwa na mabasi. Mwanamume aliyevuka bahari kutoka Samarinda alikuwa amepiga magoti kwa Mbah Kerto Baiskeli, analia na kung'oa magugu kwa pamoja. Bu Rukmini alikuwa akigawa vitumbua vya apem. Afisa wa makaburi, yule yule aliyecheka siku ya tingatinga, alikuja na vigingi vyake vya kutia alama makaburi ya kusawazishwa, akatafuta kaburi lisilo na mtu asilione, akaondoka navyo.

Simu ikalia.

"Pak Gunarso? Samahani kukusumbua. Napiga kutoka idara ya matangazo," sauti ya binti, laini, akataja jina nisilolitaja. "Tumeona wewe na wenzako mmeondoa viungo vya tovuti yetu. Tunaomba mvirudishe, Pak. Tumeshuka sana."

"Mbak, mlipojenga palikuwa na nini?"

"Palikuwa... ardhi tupu, Pak. Ndivyo ilivyoandikwa."

Nikaiweka simu juu ya kaburi la mama yangu, kioo kikitazama juu. Majembe yalikuwa yakigonga udongo, watoto wakigombania apem, na watu wazima wameanza kusoma Yasini.

"Sikiliza, basi," nikamwambia. "Ndio hawa, ardhi tupu yenu."

Sikukata simu. Nikachukua jembe.