Kitanda Hakilali Peke Yake

Kitu cha kwanza nilichokiona usiku wa jana nilipoota ni foronya zilizoanikwa, kila moja ina alama ya dole gumba ya wino wa zambarau pembeni. Zilikuwa zimeanikwa juu ya ukuta wa kituo, kile kilichoko nje ya mji, njia ya Dodoma, na zilikuwa zinanong'onezana. Hilo halikunishangaza. Kilichonishangaza ni kwamba aliyezifua hakuzisuuza vizuri.

Kituo hicho ni cha kampuni. Kinatibu watoto wenye tabia mbaya, na ndani yake mna shule ya wale waliokataliwa na shule nyingine. Mdogo wangu Mwajabu yumo. Mama alipofariki, Mwajabu aliacha kuongea darasani. Mwalimu akimuuliza kitu, anamtazama tu. Shule ikasema huo ni ugonjwa wa tabia, ikampeleka kwa kampuni akapone kwa muhula mmoja. Sasa ni muhula wa nne.

Siku ya kikao cha kumpeleka nilikuwepo. Nilikaa benchi la nyuma nikatazama viatu vya watu.

Basi, katika ndoto nikagonga geti.

"Unamtaka nani?" geti likauliza.

"Mdogo wangu."

"Ndugu hawaingii. Ndugu wanawarudishia watoto ugonjwa."

"Na dobi?"

Geti likafikiri. Bawaba zikalia kidogo.

"Dobi anaingia."

Nikachukua foronya moja begani, nikawa dobi. Haikuwa kazi ngumu kwa sababu hata macho yangu yakiwa wazi mimi ni dobi, nafua nguo za watu mtaani kwetu tangu nilipoishia darasa la tano.

Ndani kuna ukumbi mrefu, na vitanda viko mistari miwili. Ukutani wameandika kanuni kwa rangi ya mafuta: KITANDA HAKILALI PEKE YAKE. Chini yake hakuna kanuni nyingine.

Kitanda kimoja kiko kitupu na kinalia. Vyenzake vinakibembeleza. "Nyamaza, watakuletea mtoto wa Mikese." Hakitaki. Kinavaa kandambili, miguu yote minne, kinaelekea mlangoni.

"Unakwenda wapi?" nakiuliza.

"Kutafuta mtoto. Wangu jana alitimiza umri wa kuwa mtu mzima, akaondoka hivi hivi, hata kuniaga hakuniaga."

"Unatafuta mtoto wa namna gani?"

"Yeyote. Nikimkuta anakimbia, nitasema hatulii. Nikimkuta ametulia, nitasema amezubaa."

Kikatoka, kandambili zinapiga sakafu, na geti likakiamkia.

Mwajabu alikuwa kitanda cha mwisho. Amekonda. Kitanda chake kimenenepa, kina shavu hadi pembeni. Juu ya mto amesimama Kipimajoto, mrefu, amevaa koti jeupe, zebaki inampanda na kumshuka kifuani kila anapopumua. Alinieleza kwamba yeye hapimi joto, anapima heshima.

Akamwingia Mwajabu kwapani, akakaa kidogo, akatoka.

"Homa ya kiburi," akasema.

"Hajasema kitu," nikamwambia.

"Ndicho kiburi chenyewe."

Mwajabu akasikia. Akainuka, akasema kwa adabu kabisa, "Shikamoo. Nimepona."

Kipimajoto akarudi kwapani. "Homa ya ubishi. Imepanda."

Basi Mwajabu akachovya dole gumba katika kidau cha wino, akabandika pembeni ya foronya. Kila asubuhi ndivyo wanavyofanya. Maana ya alama ile ni kwamba bado.

Nikageuka kutafuta pa kuweka foronya yangu, na ukumbi haupo tena. Tuko katika darasa langu la tano, lile nililoliacha, na dirisha langu lililopasuka liko palepale. Kipimajoto ndiye mwalimu. Watoto wamelala juu ya madawati wanatazama dari, kwa sababu dari ndilo somo lenyewe. Wamelisoma muhula mzima na leo ni mtihani. Swali ni moja: Je, umepona? Chagua jibu sahihi. A, bado. B, bado kidogo. C, bado sana.

Mwajabu akanyoosha mkono. "Mwalimu, naomba D."

"D iko makao makuu," akajibiwa.

Hapo ndipo Kampuni ikaingia. Ilikuwa suti. Ndani ya suti hamkuwa na mtu, ila tai imefungwa vizuri na mikono inapeana salamu na kila dawati. Ilinipa mkono na mimi. Nikashika kitambaa kitupu, laini.

"Karibu sana, dada dobi," ikasema.

"Mdogo wangu atatoka lini?"

"Akipona."

"Atapona lini?"

"Kitanda kikiridhika." Suti ikainama karibu yangu, ikanukia upya. "Sisi tunawapenda watoto hawa, dada. Ungeona tunavyohuzunika wakipona."

Niliona kweli inahuzunika. Ukosi ulilowa.

"Lakini kanuni yetu haina roho mbaya," ikaendelea. "Imesema kitanda kisilale peke yake. Haikusema kilale na nani."

Nikaelewa. Darasa likawa ukumbi tena, na mimi nikavua ndala, nikaziweka pamoja chini ya kitanda cha Mwajabu. Nitalala mimi, atatoka yeye. Nilifurahi hata nikasahau kuogopa.

Nyumbani mimi na Mwajabu tulikuwa tunalala mzungu wa nne. Kichwa changu mlangoni, kichwa chake dirishani, miguu inapishana katikati. Yeye hapati usingizi mpaka ashike kidole gumba cha mguu wangu. Ndivyo tulivyolala tangu akiwa mdogo, na usiku wa msiba wa mama tulilala hivyohivyo, nyumba imejaa watu.

Basi mwili ulifanya ulichozoea. Sikungoja ashuke. Niliingia upande wa miguuni, kichwa huku, na Mwajabu bila kufikiri akasogeza miguu yake kunipisha, akakishika kidole.

Kitanda kikapapasa shuka.

"Kichwa huku," kikasema polepole. "Na huku kichwa."

"Wawili?" Suti ikauliza.

"Wawili."

Mikono mitupu ya suti ikapiga makofi bila sauti. "Kumbe wanaingia wawili wawili," ikasema. "Na miaka yote tumekuwa tukiwalaza kama wafalme."

Vitanda vyote vikasikia. Vinashuka chini, vinavaa kandambili, vinatoka mbio vikiwa na watoto juu, kila kimoja kinakwenda kutafuta mtu wa kulala upande wa pili. Nasikia geti linatangaza nje, "Ndugu sasa wanaruhusiwa. Ndugu waingie." Kupitia dirishani nawaona majirani zetu wanabebwa, wengine na masufuria yao mkononi, wanatazama dari ambalo halipo.

"Mwajabu, shuka," nikamwambia. "Toka sasa hivi."

"Ungengoja nishuke kwanza, dada."

"Nimezoea."

"Na mimi nimezoea," akasema, akakaza kidole changu.

Kipimajoto akanijia kwapani, wa baridi. Nilikuwa na neno la kusema, lile lile ambalo nilikuwa nalo siku ya kikao, liko tayari mdomoni. Nikafungua mdomo. Ulikuwa umejaa foronya.

"Kiburi," akasema Kipimajoto. "Cha ukoo."

Suti ikanifunika shuka hadi kidevuni, kwa upole, kama mama.

Nikaamka.

Kumekucha. Niko chumbani kwangu, kichwa mlangoni kama siku zote, na upande wa dirishani shuka limenyooka, kwa sababu hata sasa mimi silali upande huo. Nje jirani yetu Mama Chausiku anakaanga maandazi. Nikashusha mguu kutafuta ndala, na ndala hazikuwepo chini ya kitanda.

Kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia kulikuwa na alama ya wino wa zambarau, ndogo kama punje ya harage. Niliisugua kwa sabuni ya mche. Niliisugua kwa ndimu na chumvi, ambavyo hutoa hata kutu. Ilibaki, na mistari yake ya ngozi inaonekana yote.

Nikatoka uani pekupeku.

"Siwema, leo una nini?" Mama Chausiku akauliza, hakuinua macho kutoka kwenye karai. "Hata salamu?"

Wateja wake walikuwepo, wamekaa kwenye benchi, wamevaa viatu. Sikuvitazama.

"Mwajabu haumwi," nikasema. "Anamlilia mama. Mimi dada yake nipo, na kitanda chake kipo. Wamrudishe alale nyumbani."