Doa la Mzee Dwamena

Nyumba ya Mzee Dwamena pale Bekwai ilikaa miaka na miaka bila kuonja rangi, na hakuna ndugu yake hata mmoja aliyewahi kuja na kopo mkononi. Alipokufa, ndoo za rangi zikajaa barazani. Ndivyo tulivyo sisi. Mtu akiwa hai analala chini ya paa linalovuja, akifa anawekwa kwenye barafu wiki hadi wiki huku ukoo unampambia nyumba, wageni wa mazishi wasije wakasema. Kufa kufaana bwana, na safari hii waliofaana ni wauza rangi.

Fundi aliyeitwa ni Ntiamoah, anayepuliza rangi ndani ya nyumba kwa mashine. Mpaka Alhamisi mchana vyumba vyote vilikuwa vimekwisha, imebaki sebule tu. Humo ndimo maiti angelazwa kesho yake, watu wapite wamuage.

Alipokuwa anaingiza mpira wa mashine, mjane akamsimamisha mlangoni. Mama Pokuaa alikuwa mwanamke mwembamba, amekata nywele zikabaki fupi kwa ajili ya msiba, na kitambaa chekundu mkononi.

"Fundi, mwanangu, ukuta ule wa dirishani nao utaupaka?"

"Zote nne, mama, na dari. Nana Amoateng ametaka nyeupe tupu."

"Njoo kwanza uone kitu."

Akasogeza kiti cha mbao kilichoegemezwa ukutani. Nyuma yake, usawa wa kichwa cha mtu aliyeketi, kulikuwa na doa la mviringo, la kahawia, linang'aa. Ntiamoah alilijua mara moja ni nini. Nyumba gani haina doa kama hilo? Miaka yote ya ndoa yao, mzee alikuwa akirudi kutoka kupima kakao, anaketi hapo, anaegemeza kichwa kilichopakwa mafuta ya shea, anafumba macho. Mafuta yakaingia ukutani kidogo kidogo.

"Hata siku ile ya mwisho alikuwa hapa," Mama Pokuaa alisema. "Namwita aje ale, fufu tayari, kimya. Namwita tena. Nikasema huyu kasinzia, nikamfunikia sahani. Fundi, nilimfunikia sahani!"

Ntiamoah akainamisha kichwa.

"Nyumba ni ya ukoo wake, siyo yangu. Mwaka wa ujane ukiisha watanitoa, nami nitatoka. Sibishani nao. Ila mpaka hapo niachie hili tu. Kiti nitakirudisha mbele yake, hakuna atakayeliona."

"Umemwambia Nana?"

"Nimemwambia. Amesema wajane wote huwa na wazimu kidogo mwanzoni, nisubiri utapita."

Nana ni jina la heshima la wazee, na Nana Amoateng ndiye mkuu wa ukoo wa marehemu; neno lake halikuwa na rufaa. Lakini Ntiamoah naye alikuwa na moyo. Siku zote alilipwa kuficha madoa ya namna hiyo, hakuna aliyewahi kumlilia aliache. Akasema, "Haya mama. Litabaki." Na akishasema neno, Ntiamoah si mtu wa kulirudisha.

Sasa kusema ni rahisi. Rangi ya kupuliza haiendi pale unapoielekeza tu. Nyingine inageuka ukungu, inaelea, inatua inapopenda, na ikitua juu ya mafuta haipanguswi. Ntiamoah akatandaza vifaa vyake vyote barazani, akachutama mbele yake. Akaanza na tepu ya karatasi. Akabandika kipande mbali na doa, akakivuta: kikaja na chokaa ya zamani, ukuta ukabaki na kidonda. Tepu akaitupa. Akashika nailoni. Angeitundika kwa misumari juu ya doa, lakini upepo mkavu wa harmatani ulikuwa unavuma, na vioo vya dirisha vilikuwa vimetolewa. Nailoni ingepepea, ilambe rangi mbichi, iibandike pale pale anapopalinda. Boksi je? Boksi litagusa mafuta, litayanyonya.

"Fundi," Mama Pokuaa alimwambia, na kwa mara ya kwanza sauti ikapata uhai, "unachagua vyombo kama bibi harusi anayechagua vitenge. Si utumie rola tu?"

"Rola itaacha alama zake, mama. Nana ana jicho la mwewe. Atauliza kwa nini ukuta huu haufanani na wenzake, halafu tutasema nini?"

Mwisho akachukua bati jepesi lenye mpini, lile la kushika mkononi. Kulia bunduki ya rangi, kushoto bati, vinatembea pamoja, ukungu unapigwa na bati badala ya ukuta. Akatoa mdomo mpana wa bunduki, akafunga mwembamba. Akapunguza nguvu ya mashine mpaka rangi ikatoka kama pazia, bila kufuka moshi. Kuzunguka doa lenyewe akapaka kwa brashi, taratibu, ulimi umetoka nje kama mtoto anayejifunza kuandika. Mama Pokuaa akaketi kwenye kizingiti, akamwangalia kama mtu anayemwangalia daktari.

Na kazi ilikubali, jamani. Dari ikaisha, kuta tatu zikaisha. Ukuta wa dirishani akauingia kutoka pembeni, bati likitangulia, na kila alipopita Mama Pokuaa alinyanyuka kuchungulia, akakuta doa liko vile vile. "Mungu akubarikie mikono hiyo," alisema. Ukabaki ukanda mmoja tu juu ya doa, wa kumaliza kwa pumzi moja.

Ndipo Nana Amoateng alipoingia na wazee wenzake, nguo nyeusi begani, kukagua.

Nyumba ya msiba kwetu huingii ukakaa tu. Unaanza upande wa kulia unakwenda kushoto, unampa mkono kila aliyemo, awe tajiri au kichaa. Na mkono ni wa kulia. Wa kushoto haupewi mtu, hata kama umebeba uji wa moto. Nana akamtazama Ntiamoah, akanyoosha mkono.

Ntiamoah alijua cha kufanya. Kwanza unafunga triga, kisha unaweka bunduki chini, kisha unasalimia. Mwanafunzi wa juzi anajua. Lakini mkono wa mkuu wa ukoo ulikuwa hewani tayari, na kuuacha hewani mbele ya wazee ni tusi ambalo watu watalisimulia mpaka wajukuu. Akaihamishia bunduki mkono wa kushoto, ule ule wenye bati. Akampa Nana wa kulia. Bati likateleza. Vidole vya kushoto vikakaza kulidaka, vikakaza na triga.

Rangi ikaruka. Ilikuwa kufumba na kufumbua, lakini ilitosha. Zaidi ya nusu ya doa ikawa nyeupe.

"Kumbe kulikuwa na uchafu pale," alisema Nana Amoateng, bado kaushika mkono wa fundi. "Afadhali umeuona mapema."

Ntiamoah akajichomoa, akanyakua kitambaa, akafika ukutani, mkono ukamgandia. Akifuta, rangi itaondoka na mafuta yaliyo chini yake. Asipofuta, itakaukia hapo. Maji yakimwagika hayazoleki. Rangi ndiyo kabisa.

"Mama," alisema. "Mama nisamehe. Ni mkono wangu huu."

Mama Pokuaa alikuwa amesimama. "Ulikuwa unasalimia," alisema. "Ungefanyaje?"

Akavuta kile kiti, akakirudisha mahali pake, akaketi. Kisha akaegemeza kichwa ukutani, pale pale kwenye rangi mbichi, akafumba macho.

"Pokuaa! We mwanamke, umerukwa na akili? Ukuta huo!" Nana alifoka.

Kifua cha Mama Pokuaa kilikuwa kinapanda na kushuka. Wazee wakakohoa, wakatazama miguu yao. Aliponyanyuka, kisogo chake kilikuwa kimeshika rangi, na ndani ya weupe ule mlikuwa na kahawia ya mafuta. Ukutani palibaki mparuzo tu usiofanana na kitu.

"Sasa paka, mwanangu," alimwambia fundi. "Imalize kazi yako."

Ntiamoah akapaka. Bati hakuliokota, hakukuwa na cha kulinda tena. Rangi ikakaa sawasawa kutoka kona hadi kona, na Nana Amoateng akausifu ukuta ule kuliko yote, akasema huyu ndiye fundi.

Asubuhi maiti akaletwa, akalazwa katikati ya weupe ule, nguo ya kente imemfunika mpaka kifuani. Mawifi wakamjia Mama Pokuaa na sabuni na ndoo ya maji.

"Utakaaje mbele za watu na kichwa cheupe, dada? Kama unayesherehekea! Njoo tukuoshe."

"Niacheni. Hapa kisogoni ndipo alipo."

Wakanong'onezana, wakamvika kitambaa chekundu kichwani, wakamkalisha kando ya mumewe kwenye kiti kizuri cha kukodi chenye mto mgongoni. Watu wakapita kutwa nzima, wakipeana mikono, wakilia, wakipiga picha. Naye alikaa wima tangu asubuhi mpaka jua likapungua, kisogo hakijagusa mto hata mara moja. Wageni walimsifu sana. Walisema mjane huyu ana nguvu, tazameni anavyokaa. Ntiamoah, aliyesimama mlangoni na nguo yake nyeusi, alijua anachokichunga asikifute, akatoka nje nyuma ya mapipa ya maji akalia mpaka akakaukiwa.