Ng'ombe Mwenye Cheti

Mzee Shigela wa Magu alipotaja mahari ya binti yake Dorcas, ng'ombe kumi na watano, tena wazima, wenye pembe na mkia, Shangazi Hellen alikohoa mpaka akapewa maji. Yeye ndiye aliyemlea Nathaniel, bwana harusi mtarajiwa. Shangazi alizaliwa Nyakato, mjini, akakulia Nyakato, na ng'ombe alimjua kwa kilo za buchani tu. Akaomba wiki mbili, familia ikajifunze mambo ya ng'ombe.

Kujifunza kwenyewe kukawa utalii. Jumamosi wakakodi Noah, shangazi, Nathaniel na Dorcas mwenyewe, wakapanda hadi Shamba la Mawingu, la ng'ombe wa maziwa, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Wingu hata moja halikuwapo. Lakini palikuwa na ubao mkubwa uliochorwa milima ya theluji, ili mgeni apigie picha hapo, ziwa lisije likamharibia.

Dorcas aliacha shule darasa la tano, akachunga ng'ombe wa baba yake miaka saba kabla ya kuja Igoma kushona. Hilo hakulisema, maana hakuna aliyemuuliza, na watu wanaoongea haraka walimtia hofu. Njia nzima aliwaza jambo moja: ng'ombe wakipungua, baba atachekwa Magu yote, na yeye ataishi nyumbani kwa shangazi kama kitenge cha kupunguziwa bei.

Mwenyeji wao, kijana aitwaye Pius, alivaa buti nyeupe na kofia pana kama ungo.

"Wageni wangu, huyu ni Isabela. Ana damu ya Uswisi. Lita thelathini kwa siku. Na ana cheti."

Cheti kilitundikwa ukutani, ndani ya fremu ya dhahabu. Dorcas alikitazama kwa heshima. Ng'ombe alikuwa amemzidi elimu.

"Ni mpole," Pius aliendelea, "hana makelele, na anakula kwa adabu."

Dorcas akashtuka. Kwa maneno hayo hayo shangazi alikuwa amemsifia yeye kwa majirani mwezi uliopita.

"Na hawa wetu wa kienyeji wanatoa lita ngapi?" shangazi akauliza.

"Wale, mama? Mbili. Wakiwa na furaha."

Shangazi akafumba macho, midomo ikamcheza. Hata kanisani hakuwahi kuyafumba kwa bidii namna ile.

"Nathaniel! Mbili kwenye thelathini zinaingia mara ngapi?"

"Kumi na tano, shangazi."

"Bwana asifiwe! Basi mmoja wa namna hii ndio wale kumi na watano wote. Tunapeleka mmoja, tena msomi. Mzee ataona tumemheshimu."

"Hesabu imekubali," akasema Nathaniel, aliyesomea uhasibu na hakuwahi kumpinga shangazi tangu aote meno. "Eti, Dorcas?"

Dorcas akatazama vidole vyake vya miguu. Navyo havikuwa na maoni.

Ikafika zamu ya kukamua, kwani kiingilio kilikuwa na kukamua ndani yake. Shangazi akakalia kigoda, Nathaniel akashika simu tayari kurekodi.

"Vuta kama kamba ya kengele, mama," Pius akaelekeza.

Shangazi akavuta. Isabela akainua mguu, ndoo ikabingirika hadi mlangoni. Pius akajaribu mwenyewe, akapata matone ya kutosha chai ya kuku.

"Leo ana msongo wa mawazo," akasema, akamfungulia muziki wa kinanda.

Isabela hakujali kinanda. Alilia akielekea uani, ambako ndama wake, kafungwa utepe mwekundu shingoni, alikuwa akipigwa picha na wageni wengine. Kiwele kilikuwa kimejaa mpaka kinang'aa. Dorcas alivumilia mara mbili. Mara ya tatu kilio kile kilimchoma.

"Mleteni mwanawe."

Wote wakageuka kumtafuta aliyesema.

"Ni mimi," akanong'ona.

Ndama akaletwa, na utepe wake. Akanyonya kidogo, Dorcas akamsogeza mbele ili mama yake amlambe. Akaosha kiwele kwa maji ya uvuguvugu, akachuchumaa, akaanza kupiga mluzi mdogo, ule wa zizini kwao. Maziwa yakashuka. Ndoo ikaimba, kisha ikanyamaza kwa povu.

Pius akavua ungo wake. "Dada, umesomea wapi?"

"Magu."

"Chuo gani?"

"Cha baba."

"Bosi anatafuta mkamuaji tangu Pasaka! Kuna mshahara, kuna nyumba. Anza Jumatatu."

"We kijana, koma!" shangazi akaruka kutoka kigodani. "Huyu ni mkwe wetu!"

Dorcas akajifuta mikono kwenye khanga. Akainua uso.

"Bado, shangazi," akasema kwa adabu. "Ng'ombe hamjaleta."

"Si tunaleta mmoja kama huyu? Mwenye cheti!"

"Wa namna hii anataka mkamuaji, shangazi. Na mkamuaji wa baba mtakuwa mmemchukua ninyi."

Kinanda kiliendelea peke yake. Nathaniel akatazama ndoo, akamtazama Dorcas.

"Shangazi," akasema, "hesabu imekataa."

Waliteremka kilima. Karibu na barabara kuu shangazi akashusha pumzi.

"Kumi na watano. Wenye pembe." Akageuka nyuma. "Hata mkia ni lazima?"

"Ni lazima, shangazi," akasema Dorcas.