Madonge ya Wiki ya Sita

Chupa arobaini zilipangwa mezani kama washtakiwa. Ndani ya kila moja kulikuwa na donge la mrehani ambalo lilipaswa kuwa jeupe kama ufuta, lakini sasa lilikuwa na rangi ya chai iliyosahauliwa.

"Tazama kazi ya mdomo wako," mkuu wa maabara alisema.

Kengele alizivuta glavu zake mpya zikae vizuri vidoleni. Jina hilo alipewa na waosha chupa wenzake, kwa kuwa pakizuka jambo yeye ndiye hulia kwanza. Ndiye aliyewaongoza kuweka kazi chini wiki mbili nzima wakidai glavu, maana sabuni kali na maji ya moto vilikuwa vimewachubua vidole hata kushika kijiko kukawa adhabu. Glavu zilikuja. Lakini madonge yale, ambayo hukua bila mzizi wala jani juu ya rojorojo ya sukari, huhamishiwa kwenye chakula kipya kila wiki ya nne. Safari hii hapakuwa na chupa safi. Yakabaki palepale hadi wiki ya sita. Yalikula, yakamaliza, yakakaa na njaa.

"Zitupwe," mkuu akasema. "Ukimaliza, pitia ofisini uchukue barua yako ya kuachishwa kazi."

Kengele alikuwa na kumbukumbu ndefu kama kamba ya kisima. Alikumbuka mwaka walioambiwa glavu ni za wasomi. Alimkumbuka aliyelisema hilo, na hata shati alilovaa. Maneno ya miaka kumi na mmoja yalikuwa yamejipanga kooni mwake, kila moja na makali yake. Alifungua kinywa ayatoe, ndipo macho yake yalipoliangukia donge la chupa ya mbele.

Halikuwa limeoza. Alizijua chupa zilizooza, maana ndizo zilizomfundisha kazi: huwa na ukungu, utelezi na utando. Hili lilikuwa kavu, limejikaza kama ngumi. Akamkumbuka shangazi yake, ambaye uani kwake ndiko lilikochumwa jani la kwanza la ukoo huu wote wa madonge. "Mrehani usiudekeze," shangazi alizoea kusema. "Ukiushibisha maji, utanukia maji."

"Zipimwe kwanza," Kengele akasema.

"Tupime uozo?"

"Mkuu, mtu hazikwi kabla hajaguswa mapigo ya moyo. Zikiwa bure, barua nitaipokea kwa mikono miwili. Na magoti nitapiga."

Fundi wa mashine, bwana mnene aliyekuwa akijifanya anafuta miwani, alichekea puani. "Tupime, mkuu. Hayo magoti nami nataka kuyaona."

Wakachukua madonge matatu, wakayakausha, wakayasaga, wakayaloweka katika spiriti, wakaitilia mashine tone moja. Ilitafutwa asidi fulani ambayo watengenezaji wa dawa za uvimbe huililia, na ambayo jani la mrehani huitoa kwa ubahili. Siku zote mstari kwenye kioo ulipanda kichuguu, ukashuka. Leo ulipanda. Ukazidi kupanda. Ukatoka nje ya kioo.

"Mashine imeugua," fundi akasema, akaizima, akarudia. Mstari ukatoka tena. Mara ya tatu akaivaa miwani, akausogelea mstari.

"Kiasi gani?" mkuu aliuliza.

"Mara tatu ya kawaida, na ushei. Jani lenyewe limeachwa mbali."

Kengele aliyatafuta maneno yake ya miaka kumi na mmoja, asiyaone. Mahali pake palijaa maswali yaliyosukumana kama watoto kengele ya mapumziko inapolia. Hakujua ni saa ngapi aliudaka mkono wa koti la mkuu.

"Wiki ya saba je? Na tukiyanyima sukari tangu mwanzo? Na gizani, mkuu, tukiyaweka gizani?"

Mkuu aliutazama ule mkono, makovu meupe ya sabuni yakichungulia juu ya glavu. Hakuutoa. Alifungua daftari la kumbukumbu, na penye safu ya sababu akaandika: *Upungufu wa chakula.*

"Uliletwa na nini?" Kengele akauliza.

"Hili ni daftari la sayansi, mama."

"Basi liseme kweli. Atakayetaka kurudia atajuaje kilichotokea?"

"Andika tu, mkuu," fundi akanong'ona. "Huyu hakuachi."

Kalamu ilining'inia hewani. Kisha mkuu akaligeuza daftari, akalisogeza upande wa Kengele, na kalamu juu yake.

Kengele alivua glavu mpya, kidole baada ya kidole. Akaandika tarehe waliyoweka kazi chini, na majina ya wenzake, akianza na mwenye vidole vibaya kuliko wote. Jina la nne likagonga ukingo.

"Nafasi haitoshi," akasema.

"Geuza ukurasa," mkuu akajibu bila kumtazama. Alikwisha kuanza kuzirudisha chupa rafuni, moja moja, kama abebaye mayai ya jirani.