Sanduku la Diski Mbili

Jioni moja ya Februari Bundi alirudi nyumbani Kinoru, akavua viatu vyenye matope mlangoni, akamwambia mkewe kwamba hadidiski yake imekufa.

"Imekufa vipi?" Kaari aliuliza.

"Nikiichomeka kwa laptopu haionekani. Inalia tu, tik tik."

Kaari aliweka kando madaftari ya wanafunzi aliyokuwa akisahihisha. Bundi alikuwa mpima mashamba, na vipimo vya kazi zake vilikaa humo. Lakini humo humo walikuwa wameweka picha zote za binti yao Kanini, tangu siku ya kwanza hospitalini hadi alipong'oka meno ya mbele. Simu zilizopiga picha hizo zilishauzwa zamani. Kaari alilia. Bundi alikaa kando yake, na Kaari akadhani wanaumia pamoja.

Wiki mbili baadaye walipata mgeni kutoka Muthara, mjane aliyeitwa Igoki. Mwezi wa Desemba yeye na jirani yake, Mzee Hezekiah, walikuwa wamekubaliana mbele ya chifu kwamba Bundi awapimie mpaka. Hezekiah ni baba mdogo wa Bundi, lakini Igoki hakupinga. Alimjua Bundi tangu akiwa mtoto, akamwamini. Mpaka wenyewe haukuwa na mawe. Ulikuwa ua wa miiba ya kayaba uliopandwa na wazee wa zamani. Bundi alipima, na kabla hajaandika ripoti akawapigia simu kuwaambia hadidiski imekufa. Siku tatu baada ya hapo Hezekiah aliukata ule ua, akang'oa na mizizi.

"Sasa hakuna kitu ya kuonyesha ulipita wapi," Igoki alisema. Chai yake ilikuwa imepoa. "Miraa ya marehemu iko upande huo, na yeye anasema ni yake. Nimekuja tu kuuliza, Baba Kanini. Hakuna hata karatasi moja ilibaki?"

Bundi alikuwa akitazama sakafu. "Pole sana, mama. Yote ilienda."

Baada ya mgeni kuondoka, Kaari alisema jambo kama hilo halitatokea tena katika nyumba yake. Watatafuta kifaa cha kuweka faili za wote, kinachojitengenezea nakala chenyewe. Bundi alisema hakuna haraka. Kaari akauliza kama ile hadidiski haiwezi kupelekwa kwa fundi.

"Achana nayo," Bundi alisema. "Nilishauliza. Haifufuki."

Jumamosi Bundi alipokuwa kazini, Kaari aliitoa hadidiski chini ya sweta kwenye droo ya mumewe, akaenda nayo Makutano, kwenye duka la kompyuta la msichana mmoja aliyeitwa Joyline. Hakuwa na tumaini kubwa. Alifikiri labda picha chache tu zingeokolewa.

Alianza kwa kuulizia kile kifaa cha nyumbani, na Joyline akamwekea visanduku vitatu juu ya kaunta.

"Hii ya kwanza inabeba diski moja. Ni bei ya chini, lakini madam, ni kama ile yenu tu, ni vile imeunganishwa na ruta ya intaneti. Ikikufa mmerudi pale pale. Hii ya pili inabeba diski mbili. Kila kitu mnachoweka kinaandikwa kwa zote mbili. Moja ikiharibika, unanunua ingine unaweka mahali pake, na hakuna kitu kimepotea."

"Na hii kubwa?"

"Hiyo ya diski nne ni ya ofisi. Kwa nyumba itawasumbua na kelele."

Kaari aliuliza kama simu zinaweza kupeleka picha humo zenyewe, na kama mumewe anaweza kufungua ramani zake akiwa shambani. Joyline alisema yote yanawezekana. Kisha akashika kile kisanduku cha diski mbili.

"Lakini nisikudanganye. Ukifuta faili hapa, inafutika kwa diski zote mbili wakati huo huo. Na mwizi akibeba, amebeba zote. Lazima kuwe na nakala ingine, nyumba ingine."

"Dada yangu yuko Embu."

"Basi diski ya tatu ikae huko."

Kaari alichagua kile cha diski mbili. Ndipo akatoa ile ya zamani mkobani, akaeleza ilivyokufa. Joyline aliichomeka. Haikulia. Baada ya muda mfupi picha ya Kanini mwenye siku mbili ilijaa kwenye skrini.

"Hii haina shida," Joyline alisema.

"Hebu angalia tena."

Joyline aliipima yote, ikachukua karibu saa nzima. Ilikuwa nzima kabisa. Kaari aliomba kusogezewa kompyuta, akatafuta kati ya majina ya mafolda hadi akaliona: Muthara, Desemba. Akafungua, na vipimo vyote vilikuwamo. Joyline alimvutia kiti.

Kaari hakwenda nyumbani moja kwa moja. Alingoja kila kitu kinakiliwe kwenye kisanduku kipya, kisha akasafiri siku hiyo hiyo hadi Embu kwa dada yake Wambeti, akamkabidhi ile hadidiski.

"Usimpe mtu. Hata Baba Kanini."

Wambeti alimtazama. "Mmegombana?"

"Bado."

Jumapili, baada ya kanisa, Kaari aliunganisha kisanduku na ruta, akamwonyesha Kanini picha. Mtoto alikuwa akijicheka alivyokuwa hana meno pichani wakati Bundi alipoingia sebuleni. Alisimama. Kaari alimtuma Kanini kwa jirani.

"Ulinitazama nikilia," alisema.

"Ndiyo."

"Ungenirudishia picha peke yake."

"Ungejua diski ni nzima." Bundi aliketi ukingoni mwa kiti. Alieleza kwamba ule mpaka uliacha miraa upande wa Igoki. Baba yake mdogo alimwita akamwomba ausogeze. "Nilikataa, Kaari. Akasema basi, vipimo vipotee tu. Huyo ndiye alinichukua baba alipofariki. Sikuwahi kulala njaa kwake. Nilidhani kupoteza si sawa na kudanganya."

"Na Igoki alipokuwa akinywa chai hapa, ukimwambia yote ilienda?"

Bundi aligeukia kiti alichokuwa amekalia mgeni.

"Kwa nini hukuvifuta hivyo vipimo?"

"Nilijaribu mara mbili. Nikashindwa." Alitazama kile kisanduku. "Ile ya zamani iko wapi?"

"Embu."

"Ulifikiri nitaifuta?"

"Sikujua ungefanya nini," Kaari alisema. "Miaka kumi na moja, na sikujua."

Jumanne Bundi alichapisha ramani, akaenda kwa chifu. Hezekiah na Igoki waliitwa. Bundi angeweza kusema fundi ameiokoa hadidiski, na wote wangeamini. Alisema alidanganya, akaeleza na sababu. Mpaka uliwekwa upya kwa mawe, na miraa ikabaki kwa Igoki. Igoki aliikunja nakala yake mara nne, akaitia mfukoni mwa sweta, akatoka bila kumpa Bundi mkono. Mzee Hezekiah alisema mbele ya watu wote kwamba alilea mtoto wa watu. Kabla mwezi haujaisha, wateja wawili walichukua kazi zao kwa mpima mwingine.

Nyumbani waliongea kwa upole, kama watu walio na mgonjwa chumba cha pili. Bundi alimpa Kaari nywila zake zote bila kuombwa. Hilo lilimuumiza Kaari kuliko kama angezificha.

Kila Pasaka walikuwa wakienda Muthara kwa Mzee Hezekiah. Mwaka huo Bundi alitangulia peke yake Alhamisi, amebeba sukari na mchele, akarudi navyo; mzee alikataa kuvipokea. Aliviweka mezani. Kanini aliuliza kama wanaenda kesho kwa Guka, kama alivyomwita babu huyo.

"Guka hayuko nyumbani," Bundi alimwambia. "Amesafiri."

Mtoto alimgeukia mama yake. Kaari alijua anapaswa kusema kitu. Alichukua mfuko wa mchele, akaenda nao jikoni.