Mkwe na Mama Mkwe Kwenye Mashindano ya Baiskeli

Fundi friji alikuwa bingwa wa mashindano ya baiskeli, ila baiskeli hakuwa nayo. Mashindano yote aliyaona kwenye televisheni, huku friji za watu zikimsubiri sakafuni matumbo wazi. Alijua nani ana mapafu ya mlimani, nani hodari wa tambarare, na nani angeshinda mwaka jana kama angemsikiliza yeye. Basi ilipotangazwa kwamba mashindano makubwa yatapita kwenye kilima cha nyuma ya mtaa wao, alitembea wiki nzima kifua mbele, kama mtu anayetarajia mgeni wa heshima.

Mgeni akaja kweli. Mama mkwe.

Siku yenyewe asubuhi, mkewe, ambaye ni nesi, alikuwa mlangoni anaelekea zamu.

"Mama humwachi peke yake," alisema.

"Jua litamchosha."

"Mbebee kiti na mwavuli."

Kesi ikaishia hapo.

Mama mkwe alikuwa amestaafu upishi wa shule ya bweni, na macho yake bado yalikuwa ya mtu anayejua nani amepanga foleni mara mbili. Fundi alimtafutia nafasi nzuri karibu na kilele, mahali ambapo mwinuko ungewalazimisha waendeshaji kupunguza mwendo na yeye angewaona mmoja mmoja. Akamkalisha, akamfunika kwa mwavuli, akaanza somo. Mama mkwe alivua kandambili zake, kwa sababu miguu ilikuwa imemvimba, na akasikiliza kwa adabu.

"Wale wa pembeni utakaowaona, mama, kazi yao ni kumkinga kiongozi wao na upepo. Wanamletea na maji. Wenyewe hawashindi."

"Wanalipwa?"

"Wanalipwa."

"Basi wana akili. Na huyo anayeshinda anapata nini?"

"Leo, fulana."

Mama mkwe aligeuka kumtazama vizuri, kuona kama mkwe wake anamtania. "Fulana," alirudia. "Mwanangu, si zinauzwa?"

Fundi akaanza kueleza maana ya ile fulana. Alikuwa bado anaeleza zilipotokea pikipiki za polisi, kisha gari lenye vipaza sauti, na watu wakaanza kusukumana kwenye ukingo wa barabara. Pale chini kwenye kona kikaonekana kitu cha rangi nyingi kikipanda kwa kasi ambayo fundi hakuitegemea hata kidogo. Akanyoosha shingo. Mama mkwe naye akainuka ili aone, na alipokuwa akiitafuta kandambili kwa mguu, akaipiga teke ikaingia mtaroni.

"Mkwe," alisema kwa upole, "kiatu changu."

Fundi akatazama kona. Akatazama mguu mtupu wa mama wa mkewe juu ya kokoto za moto, na watu waliowazunguka, ambao baadhi yao walikuwa wateja wake. Akashuka mtaroni.

Kandambili ilikuwa imenasa kwenye matawi makavu. Akiwa ameinama huko alisikia mlio wa minyororo na upepo wa magurudumu ukipita juu ya kichwa chake, kama mvua kubwa inayovuka bati na kwenda zake. Aliponyanyuka na kandambili mkononi, watu walikuwa tayari wameelekeza shingo upande wa pili.

"Wamepita," mama mkwe akamwarifu, akipokea kiatu chake. "Wazuri sana. Ahsante, mwanangu."

Fundi alikunja mwavuli. Watu walishaanza kutawanyika ndipo akatokea mmoja wa mwisho, peke yake, amepauka kwa chumvi ya jasho, anayumba barabarani. Nyuma yake gari lilimfuata taratibu, tayari kumwokota.

"Na huyu?" mama mkwe akauliza.

"Huyo amekwisha, mama. Tena kumsukuma hairuhu..."

Mama mkwe alikuwa ameshafika barabarani. Aliweka viganja vyake viwili vya kunyanyulia masufuria mgongoni mwa yule kijana, akamsukuma, akitembea naye, akimwambia ale vizuri akifika. Kijana alijibu kwa lugha isiyojulikana. "Nawe pia," mama mkwe akamwambia, akamwachia kileleni.

Mtu mmoja akatoa kichwa kwenye lile gari na kumfokea fundi kwa kushindwa kumzuia mama yake. Fundi akaomba radhi. Huyo wa garini ndiye mtu pekee wa mashindano yale ambaye fundi alipata kuzungumza naye.

Jioni nesi aliporudi alimkuta mama yake amekaa kwenye kiti cha fundi mbele ya televisheni, na fundi kwenye mkeka.

"Huyo wa pembeni anamkinga mwenzake na upepo," mama mkwe alikuwa anaeleza, kidole juu. "Analipwa, usimwonee huruma."

"Mliona vizuri?" nesi akauliza.

"Mumeo alikuwa mtaroni. Mimi nimeona."

Picha zilionyesha mshindi, fulana, maua, mshindi tena. Mama mkwe alisubiri mpaka tangazo la sabuni lilipoingia.

"Mbona wa kwangu hawamwonyeshi? Kesho wanapita wapi?"

"Mbali, mama," fundi akasema. "Ni safari ya basi, tena ya kuamka alfajiri."

"Sijauliza kama ni mbali."

Fundi akamtazama mkewe. Mkewe akatazama dari.

"Nitabeba kiti," fundi akasema.